Kanzidata ya mazoezi na waya zinazosahaulika

Saa moja jioni, simu ya tajiri. Hakuna salamu. "Fundi, wateja wangu umewatumia nini? Nina wazee wanne hapa wananipigia kuuliza deni gani tena. Mmoja wa Sengerema anasema alinilipa mwezi wa tatu, na risiti anayo mkononi."

Tajiri huyu ana duka la jumla la vifaa vya ujenzi Mwanza: saruji, mabati, nondo, misumari. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimewakalisha makeshia wake watatu kwenye chumba cha nyuma wajifunze mfumo mpya wa mauzo. Hesabu za duka hawakuzigusa hata kidogo. Walikuwa kwenye kanzidata ya mazoezi, nakala ya pembeni niliyoiandaa kwa mikono yangu ili wajifunzie, na somo la mwisho lilikuwa orodha ya wadaiwa. Mmoja wao akakiona kitufe kilichoandikwa "Kumbusha wote", akakibonyeza. Simlaumu. Asubuhi niliwaambia mwenyewe: bonyezeni chochote, humu hakiharibiki kitu.

Ujumbe ukaondoka, ukaenda kwenye simu za watu halisi, kuwadai madeni ambayo baadhi yake yalishalipwa zamani. Nilidhani nimewajengea watoto uwanja wa kuchezea, kumbe uwanja wenyewe ulikuwa na mlango wa kutokea barabarani.

Nikisimulia kisa hiki, watu husikia nusu yake. Wengine hukubaliana nami kwamba ndiyo, mazoezi yasifanyike kwenye mfumo wa kazi, wakati sisi hatukuyafanyia huko. Wengine husema basi hizo nakala hazina maana, turudi kwenye mfumo wenyewe tuwe waangalifu. Wote wamepitwa na kiini cha jambo, na lawama si yao, maana mtu akisikia "kanzidata ya mazoezi" haoni picha ya kitu chenyewe.

Kalamu moja, leja mbili

Anza na mhasibu wa zamani. Ana leja, na ana ujuzi wa kuiandika: wapi aweke mkopo, wapi malipo, lini afunge mwezi. Programu ya biashara ni ule ujuzi na kalamu. Kanzidata ni leja. Kwenye kompyuta ni vitu viwili mbalimbali hata kama vinakaa kwenye mashine moja, na programu ile ile inaweza kufungua leja hii sasa na leja nyingine baada ya dakika mbili.

Ndiyo maana kutenga kanzidata ya mazoezi si kununua programu ya pili, ingawa nimeshakutana na wauzaji wanaotaka mteja aamini hivyo. Ukifungua Tally, programu ya uhasibu, unaunda kampuni mpya, unaipa jina, unaanza. QuickBooks, nayo ya uhasibu, huja na kampuni ya mfano ndani yake. Microsoft wanayo yao kwenye programu zao za uhasibu, inaitwa CRONUS, haijawahi kuuza kitu duniani lakini wahasibu wengi wamejifunzia mle. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, kanzidata yake maarufu ya maonyesho imejengwa juu ya ramani ya Sierra Leone, na takwimu zake si za kweli. Kwa hiyo kuna watunza takwimu wa afya wasiowahi kukanyaga Freetown ila wanakijua kituo cha Ngelehun kama cha kijijini kwao.

Hata Oracle, watengenezaji wa programu za kanzidata, tangu zamani walikuwa na mtumiaji wa mfano aliyeitwa scott, neno lake la siri tiger. Scott ni Bruce Scott, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo wa kampuni hiyo. Tiger alikuwa paka.

"Tujaribie humu humu, tutafuta"

Hii ndiyo kauli ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo inayonipa kazi nyingi zaidi baadaye. Muuza duka anaona hivi: ninaandika mauzo ya uongo, ninaona yanavyokwenda, nikimaliza ninafuta. Kwenye daftari la penseli ingewezekana. Mfumo wa biashara umejengwa makusudi usifutike. Namba za ankara zinafuatana. Ukitoa ya 217, mkaguzi atauliza 217 iko wapi. Kila kitendo kina jina la aliyekifanya na saa. Risiti ya mashine ya EFD, ambazo Tanzania tumekuwa nazo tangu 2010, ikishatoka taarifa zake zimekwenda TRA, mamlaka ya mapato. Mauzo ya mchezo ya shilingi 1,180,000 yamebeba VAT ya 180,000, na kujieleza kwamba lilikuwa somo ni safari ya ofisini, si kitufe.

Lakini yote hayo yanaonekana. Kinachoniogopesha ni lisiloonekana, na linahitaji hesabu kidogo, kwa hiyo tuvumiliane.

Duka lina mifuko 100 ya saruji iliyonunuliwa kwa shilingi 16,000 kila mmoja. Thamani ya stoo ni 1,600,000. Mtunza stoo anajifunza kupokea mzigo, anaandika kwenye mfumo wa kazi kwamba amepokea mifuko 100 mingine, na kwenye bei anaweka 1,000 kwa sababu ni mchezo tu. Mfumo unaokokotoa gharama kwa wastani unafanya kazi yake: mifuko 200, thamani 1,700,000, wastani 8,500. Kabla hajafuta, kaunta inauza mifuko 10 kwa mteja wa kweli. Mfumo unaandika kwamba mifuko hiyo iligharimu 85,000, wakati iligharimu 160,000. Jioni mtunza stoo anaondoa ule mzigo wa uongo, mifuko 100 kwa 1,000. Anahesabu: imebaki mifuko 90. Ni sahihi! Anakwenda nyumbani na moyo mweupe.

Angalia thamani sasa. Baada ya yale mauzo stoo ilibaki na 1,615,000. Ukiondoa 100,000 ya mzigo wa uongo, inabaki 1,515,000 kwa mifuko 90. Ilipaswa kuwa 1,440,000. Kuna shilingi 75,000 ambazo hazipo popote ila kwenye kompyuta: faida ya siku imepanda kwa kiasi hicho bila sababu, na kila mfuko uliobaki stoo unasomeka kwa 16,833 badala ya 16,000. Hakuna aliyeiba, idadi iko sawa, na mwisho wa mwaka mhasibu atakaa siku mbili akitafuta mwizi.

Hapo ni bidhaa moja na dakika chache. Sasa fikiria makeshia watatu kwa wiki nzima.

Haya. Tumekubaliana kutenga.

Waya zimo ndani ya leja

Turudi kwa wazee wanne kwenye simu. Siku ya kwanza ya mafunzo nilikuwa nimefanya kila kitu vizuri. Nilichukua bakapu ya mwezi wa pili iliyokuwa kwenye flashi yangu, nikaifungua kama kanzidata mpya, nikaingia kwenye mipangilio nikazima kutuma ujumbe. Makeshia wakacheza siku nzima, na kufikia jioni nakala ilikuwa imechafuka: stoo hasi, wateja wanaoitwa "aaaa" na "bbb", mabati yaliyouzwa kwa shilingi tano. Asubuhi ya pili nikaitupa, nikaifungua upya kutoka bakapu ile ile ili waanze na meza safi.

Na ule uzimaji wangu wa jana nao nikautupa humo humo.

Mtu asiyeshinda na vitu hivi anaweza kudhani mipangilio ya kutuma ujumbe inakaa kwenye programu. Katika mifumo mingi haikai huko. Inakaa kwenye kanzidata, jedwali lake liko jirani na majedwali ya wateja na bidhaa: jina la akaunti ya kampuni ya ujumbe mfupi, ufunguo wake, saa za kutuma. Ukinakili leja umenakili na zile kurasa za mwisho zilizoandikwa namba za simu za kila mtu na funguo za kila mlango. Nakala inaamka asubuhi ikiamini kwamba yenyewe ndiyo duka. Ina kumbukumbu zote za duka, funguo zote za duka, na hakuna aliyeiambia kwamba si duka.

Kwa hiyo kutenga kuna hatua mbili, na watu hufanya ya kwanza tu. Kunakili ni rahisi. Kukata waya ndiko kazi, na waya ni nyingi kuliko unavyokumbuka ukiwa umekaa mezani: ujumbe mfupi, barua pepe, malipo ya simu, mashine ya risiti, kuunganishwa na benki. Kuna kazi za usiku, zile ambazo mfumo unajiamsha wenyewe saa nane za usiku na kuzifanya bila mtu kubonyeza kitu. Ukizisahau hizi, nakala yako itafanya biashara umelala. Na kuna printa. Mahali fulani hati ya kutoa mzigo iliandikwa kwenye mazoezi ghorofani, ikachapwa kwenye printa ya stoo chini, na vijana wa kupakia, ambao kazi yao ni kuamini karatasi, wakaanza kupandisha nondo kwenye gari.

Wenye mifumo mikubwa wamelijua hili kwa kuungua. Odoo, programu ya kuendeshea biashara, ukirudisha kanzidata inakuuliza: hii umeihamisha au umeinakili? Swali linaonekana la kipuuzi mpaka ulielewe. Tangu toleo la 16 ina pia njia ya kuipooza nakala kwa mkupuo mmoja: barua zinazotoka zinazimwa, kazi za usiku zinasimama, njia za malipo zinafungwa, na mstari wa onyo unatokea juu ya skrini. Salesforce, wenye mfumo wa kutunza habari za wateja, wana ujanja ninaoupenda zaidi kwa sababu haumtegemei mtu kukumbuka. Wakikutengenezea nakala ya majaribio, anwani za barua pepe za watumiaji zinabandikwa ".invalid" mwishoni, na mwisho huo ulitengwa kwenye kanuni za intaneti mwaka 1999 ili usifike popote duniani kamwe. Hata waya ukibaki, upande wa pili hakuna mtu.

Malipo yana uwanja wake. Safaricom wana sehemu ya majaribio kwenye Daraja, mlango wao wa kuunganisha programu na M-Pesa: anwani yake si ile ya kazi, na namba ya biashara ya kujaribia ni 174379, ambayo waandaaji wengi wa programu Nairobi wanaijua kwa moyo. Kwa kadi, Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, wana namba ya kujaribia: 4242 mara nne. Namba hiyo inapita ukaguzi wote wa hesabu ambao kadi ya kweli hupita, ila haina senti. Unapounganisha mfumo na huduma ya nje, swali la kwanza la kumuuliza mwenye huduma liwe hili: ya kujaribia iko wapi? Asiyekuwa nayo anakuambia kitu kuhusu kazi yake.

Na usidhani haya ni ya wadogo. Juni 2021 baadhi ya wateja wa HBO Max, huduma ya filamu mtandaoni, walipokea barua pepe yenye kichwa cha maneno ya fundi kujaribu mitambo, ndani haina kitu cha maana. Waliocheka zaidi ni mafundi, kicheko cha mtu anayeona gari la mwenzake limekwama kwenye tope analolijua.

Data za nani?

Nakala iwe na data za kweli au za kubuni? Hapa sina jibu moja, na anayekupa jibu moja anauza kitu.

Data za kubuni ni safi na hazimdhuru mtu, lakini huwa zimenyooka mno. Mbunifu anaandika "Mteja A", "Mteja B", simu 0700000000, na mfumo unapita majaribio kwa kishindo. Halafu unafunguliwa Kanda ya Ziwa. Siku ya kwanza anakuja mteja wa Nyang'hwale. Ile alama ndogo ya juu kati ya g na h, kwenye lugha ambayo programu huitumia kuzungumza na kanzidata, ni alama ya kufungulia na kufungia maneno. Programu iliyoandikwa kizembe inaisoma "Nyang" kisha inadhani jina limekwisha, na "hwale" inaichukulia kama amri isiyoeleweka. Skrini inajaa maandishi mekundu. Nchi nzima ina Ng'ombe, Ng'ambo, Ng'wanza na akina Ng'wana, na mfumo ulijaribiwa kwa Mteja A.

Data za kweli zina hayo yote: jina lenye alama, mteja mwenye jina moja tu, yule aliyeandikwa mara tatu kwa tahajia tatu, ankara ya 2019 isiyolipwa hadi leo na ambayo hakuna anayethubutu kuifuta kwa sababu ni ya shemeji wa mwenye duka. Ndiyo chumvi ya majaribio. Lakini ni za watu. Kanzidata ya mazoezi huwa na neno la siri rahisi, mara nyingi 1234, limeandikwa kwenye ubao, kwa sababu "ni ya mazoezi tu". Mahali pamoja nakala ilikuwa na moduli ya mishahara. Kufikia saa nne ya mapumziko ya chai kila mtu darasani alikuwa anajua meneja analipwa ngapi, na mafunzo ya mchana hayakuendelea vizuri.

Sheria nayo haibagui nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022 na ilianza kutumika 1 Mei 2023. Ya Kenya ni ya 2019. Jina na simu ya mteja vikivuja kutoka kanzidata ya mazoezi vimevuja, basi.

Njia ninayoifuata ni kuchukua data za kweli na kuzivalisha barakoa. Majina yanachanganywa, la kwanza la huyu na la ukoo la yule, ili alama na urefu vibaki lakini mtu asibaki. TIN inabaki na tarakimu 9 ila si zake. Mishahara inatolewa kabisa, au kila mtu analipwa sawa, jambo ambalo huwafurahisha wafanyakazi kwa muda mfupi. Simu zinabaki na tarakimu 10. Hizo nitazieleza baadaye. Thamani na tarehe sizigusi, kwa sababu bila hizo mhasibu hawezi kulinganisha chochote na anachokijua.

Kuna programu zinazoziba tatizo hili kwa kukubana zenyewe. Tally ikifunguliwa bila leseni, kwa kujifunzia, inakubali maingizo ya tarehe chache tu za mwezi: ya kwanza, ya pili na ya mwisho. Ni dawa dhidi ya wanaotaka kufanyia biashara toleo la bure, na inafanya kazi, ila mwanafunzi aliyejifunza hapo huja kazini akishangaa kwamba mwezi una tarehe 14.

Kosa la upande wa pili

Watu huogopa mazoezi kuingia kwenye kazi. Kazi kuingia kwenye mazoezi hawaifikirii, na kwa uzoefu wangu hutokea mara nyingi zaidi.

Wiki ya kwanza baada ya mfumo kuanza, keshia mmoja alifika mapema, akabofya alama aliyoizoea kwenye skrini, akaingia kwa neno la siri alilolizoea, akauza kutwa. Wateja wa kweli, fedha za kweli kwenye droo, mzigo wa kweli ukatoka stoo. Jioni ripoti ya duka inasema kaunta namba mbili haikuuza kitu. Droo ina milioni na ushee. Tuliketi mpaka saa tano usiku tukihamisha ankara moja moja kutoka mazoezi kwenda kazini. Keshia alilia, na kwa kweli kosa halikuwa lake. Nilimpa milango miwili yenye rangi moja, kitasa kimoja na ufunguo mmoja.

Nakala nzuri inafanana na ya kazi kila mahali isipokuwa usoni, na usoni itofautiane mpaka ikere. Mimi hupaka kichwa cha skrini rangi nyekundu, jina la kampuni huwa MAZOEZI, na risiti huchapwa MAZOEZI juu na chini ili hata mteja aweze kulalamika. Neno la siri huwa jingine. Mafunzo yakiisha, alama ya mazoezi inaondoka kwenye kompyuta za kaunta.

Ukiona hiyo ni ya makeshia wa Mwanza tu, wako wahandisi wa GitLab, huduma ambako waandaaji wa programu hutunzia kazi zao. Usiku wa 31 Januari 2017 mmoja wao alikuwa akihangaika na seva mbili za kanzidata, moja ya kazi na nyingine mfuasi wake, inayonakili kila kinachoandikwa kwenye ya kazi, majina yao yakitofautiana kwa tarakimu moja. Alitaka kufuta data za mfuasi zilizogoma. Alikuwa kwenye ile ya kazi. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili akaisimamisha amri, lakini kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Wakaenda kwenye bakapu za kila siku: hazikuwepo, kwa sababu chombo cha kuzitengeneza kilikuwa toleo la 9.2 na kanzidata yenyewe 9.6, kikawa kinashindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani.

Kilichowaokoa kilikuwa nakala iliyochukuliwa kama saa sita kabla, kwa ajili ya seva ya majaribio. Walirudisha kazi kutoka kwenye mazoezi. Saa sita za katikati zilipotea, na walieleza yote hadharani, hadi kuonyesha urejeshaji moja kwa moja kwenye YouTube. Kwenye orodha ya mambo ya kurekebisha waliweka hili pia: seva ijitambulishe waziwazi kwa fundi anapoandika amri, na irangiwe.

Nimejifunza kwao jambo jingine ambalo siku hizi ndilo ninalowauzia wenye maduka wasiotaka kusikia habari za mazoezi. Kila Jumatatu ninapoihuisha nakala kutoka bakapu ya Jumapili, nimeijaribu bakapu. Bakapu isiyowahi kufunguliwa ni tumaini tu. Tajiri anayebisha kulipia mazoezi hulipia hilo bila kubisha.

Darasani

Kwenye benki na viwanda wana kanzidata tatu, nne: ya kujengea, ya kukagulia, ya kufundishia, ya kazi. Mantiki yake ni kwamba kukagua kunataka ukubwa wa kweli, wakati kufundisha kunataka meza inayoweza kusafishwa kila asubuhi. Na ukubwa si jambo dogo. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamia mfumo mpya. Data zilihama salama, lakini mfumo ukayumba mara ulipofunguliwa, na wateja wapatao milioni 1.9 wakakwama nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi waliipiga faini ya pauni milioni 48.65. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika majaribio ya uzito, kati ya vituo viwili vya data walijaribu kimoja. Walifanya mazoezi kwenye uwanja usiolingana na wa mechi.

Duka halihitaji nne. Linahitaji moja, na saa mbili za kila siku kwa wiki moja.

Zoezi langu ni hili: tunachukua ankara za karatasi za siku moja iliyokwisha fungwa, mauzo yote, manunuzi, waliolipa, waliokopa. Nakala inarudishwa hadi asubuhi ya siku hiyo. Makeshia wanaiingiza siku nzima upya. Jioni jumla zao zinapaswa kulingana na za daftari. Zisipolingana tunatafuta pamoja, na kutafuta huko ndiko kunakowafundisha mfumo kuliko maelezo yangu yote. Siku ya mwisho ni ya kuharibu. Uza usichokuwa nacho. Rudisha mzigo mara mbili. Zima umeme katikati ya ankara.

Mama mmoja mtunza stoo, kazini kwake mwaka wa kumi na tisa, alikaa siku mbili mbele ya kompyuta mikono mapajani. Ninamwambia bonyeza, ananiangalia.

"Mwanangu, nikiharibu?"

"Haribu, mama. Ndiyo kazi ya leo."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayeonja mboga ya moto. Mfumo ukamkatalia kutoa mifuko 500 kwenye stoo yenye 40. Akacheka. "Kumbe nalo linajua kuhesabu." Kufikia saa kumi alikuwa amegundua kwamba mfumo unamruhusu kupokea mzigo wa kesho kwa tarehe ya jana, jambo ambalo mimi na wauzaji wa programu hatukuliona, na ambalo kwenye mfumo wa kazi lingetuvurugia mwezi mzima.

Zile simu, sasa. Tangu jioni ya wale wazee wanne, kila nikiandaa nakala, kabla ya kitu kingine chochote ninafuta simu zote za wateja na kuweka moja mahali pa zote: yangu. Waya nikiukata, kimya. Nikiusahau, anayesumbuliwa ni mimi. Mara ya mwisho ililia saa kumi na mbili asubuhi, ujumbe arobaini na moja mfululizo, mke wangu ameketi kitandani anasoma kwa sauti jinsi ninavyodaiwa nondo, mabati ya geji 30 na mifuko 600 ya saruji na duka ambalo sijawahi kukopa hata msumari.